Gesi Haiishi: Kwa Nini Kiyoyozi Kinapuliza Bila Kupoza

Mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi unapolegea na bahari kutulia kama mafuta, Dar es Salaam hailali. Saa nne usiku kuta bado zinatoa joto zililolimeza mchana, shuka linagandia mgongoni, na aliyejaliwa kiyoyozi anafunga madirisha, anabonyeza rimoti na kusubiri. Mashine inanguruma. Upepo unatoka. Baridi haiji. Asubuhi anapigiwa simu fundi, naye anakuja na mtungi begani, na hukumu yake unaijua kabla hajavua viatu mlangoni: "Mama, gesi imeisha."

Chumbani kwangu hukumu hiyo ilitolewa mara tatu ndani ya miezi 14. Mara zote tatu nililipa, chumba kikapoa, kisha baridi ikafifia wiki baada ya wiki hadi nikajikuta tena nimelala sakafuni kutafuta ubaridi wa vigae. Ilinichukua muda mrefu kuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: hiyo gesi imekwenda wapi?

Maana gesi ya kiyoyozi si petroli, wala si gesi ya kupikia. Haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, inakwenda na kurudi, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kuzeeka na kung'olewa ukutani ikiwa bado na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Gesi haiishi, huvuja. Kama imepungua, kuna tundu, na kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka. Na mara nyingi haikupungua kabisa. Tatizo liko kwenye vumbi, kwenye chumvi ya bahari, kwenye umeme, kwenye kizimba cha chuma nyuma ya nyumba, au kwenye chumba chenyewe. Ndiyo maana nadhani gesi inapaswa kuwa mshtakiwa wa mwisho kufikishwa barazani, si wa kwanza, na siku akifikishwa, kesi yake isikilizwe hadi mwisho.

Ili tuelewane, tuanze na jambo ambalo kila aliyewahi kudungwa sindano analijua. Muuguzi akikupaka spiriti mkononi, unasikia baridi. Spiriti yenyewe haikuwa na baridi kwenye chupa. Inapogeuka mvuke inahitaji joto, na joto hilo inalichukua kwenye ngozi yako. Kiyoyozi kinafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mvuke wake hauachwi uende. Ndani ya mashine ya ukutani, kimiminika kinachochemka kwa urahisi mno kinapita katika koili na kugeuka gesi, kikichukua joto la hewa ya chumbani. Gesi iitwayo R22, iliyotawala kwa miongo mingi, huchemka kwenye nyuzi 41 hivi chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. R32 iliyomo kwenye mashine nyingi mpya huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri. Gesi hiyo ikishabeba joto inavutwa na kompresa iliyo kwenye mashine ya nje, inakandamizwa mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya mtaani, na feni ya nje inaipuliza ili iache joto lake huko. Ikishaliacha inageuka kimiminika, inapenyezwa kwenye kijia chembamba ambapo mgandamizo wake unashuka ghafla, na safari inaanza upya.

Kwa hiyo kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka ndani kwenda nje, kama mchukuzi wa bandarini anavyohamisha magunia. Magunia yasipofika, uliza kwanza kama mchukuzi anaweza kuyafikia, kama njia ipo wazi, kama huko aendako pana nafasi ya kuyatua, na kama ana nguvu. Karibu kila hitilafu nitakayoitaja inaangukia kwenye mojawapo ya hayo.

Kabla ya lolote, pima. Watu wengi, na mafundi wengi, hufanya uamuzi kwa kiganja cha mkono, nacho kiganja hudanganya. Ukitoka juani, hata hewa ya nyuzi 25 utaiona ya barafu. Kipimajoto kidogo cha dijitali si ghali, na ndicho chombo pekee ninachoshauri kila mwenye kiyoyozi awe nacho. Washa mashine, hakikisha rimoti inaonyesha alama ya theluji na si ya tone, jua au feni peke yake (nimeona nyumba iliyoita fundi kwa sababu mtoto alibonyeza kitufe cha kubadili alama hizo), weka kiwango cha chini, acha dakika 15 au 20. Pima hewa inayoingia juu ya mashine, kisha inayotoka chini. Mashine yenye afya huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi. Kama hewa inaingia ikiwa na nyuzi 29 na kutoka ikiwa na 18, mashine inapoza, hata kama chumba hakipoi; basi tafuta tatizo chumbani. Kama inatoka na 26, sasa tuangalie mashine.

Lakini hapa kwetu pwani kipimo hicho kinahitaji kusomwa kwa jicho jingine, na hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mashine ya kwanza ya aina hii ya kisasa haikubuniwa kumpoza mtu. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulikuwa unaifanya karatasi kuvimba na kusinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikawa hazikutani mahali pake. Carrier alitaka kukausha hewa. Upoaji ulikuwa njia tu: hewa ikigusa kitu cha baridi, maji yake yanadondoka, kama yanavyofanya nje ya glasi ya juisi ya ukwaju yenye barafu.

Kukausha hewa kunagharimu, na mwenye nyumba wa Kigamboni au Nyali analipa gharama hiyo kila usiku bila kuiona. Kila lita moja ya maji inayotokana na mvuke kwenye koili inaachia joto la takriban megajuli 2.4, sawa na theluthi mbili za yuniti moja ya umeme, na joto hilo lote mashine inalazimika kulitoa nje pia. Tega ndoo chini ya bomba la maji. Ikikusanya lita 10 kwa saa nane za usiku, maana yake karibu kilowati 0.8 ya kazi ya mashine ilikwenda kwenye maji tu. Kiyoyozi cha BTU 12,000, tunachokiita cha tani moja, kina uwezo wa kilowati 3.5. Karibu robo ya nguvu yake imeishia kwenye ndoo, na kipimajoto hakikuonyesha chochote kwa ajili yake.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, usiku wa unyevu mkubwa tofauti ya hewa inayoingia na inayotoka inaweza kuwa ya nyuzi 8 tu na mashine isiwe na kosa lolote. Pili, maji yale ni ushahidi. Mashine inayotiririsha maji nje mwezi wa Machi inafanya kazi, na atakayekuambia gesi imekwisha kabisa huku bomba likidondosha mfululizo ana kazi ya kukueleza maji hayo yanatoka wapi. Kinyume chake, usiku wa fukuto bomba likiwa kavu, koili haipoi, hapo mashine inaumwa kweli. (Kavu nje na maji yanayochuruzika ukutani chumbani ni jambo jingine: bomba limezibwa na ute na vumbi. Likizibuliwa, yanakwisha.)

Kufua nguo na kuzianika chumbani huku AC ikiwaka, kuacha mlango wa bafu wazi baada ya kuoga, dirisha la alumini lisilofunga vizuri linalovuta hewa ya baharini usiku kucha, hayo yote yanaipa mashine maji ya kukamua kabla haijakupoza wewe. Nimeingia katika sebule moja Mbezi Beach ambako mapazia yalikuwa yakicheza ilhali madirisha yote "yamefungwa". Mashine pale haikuwa na hatia.

Tuje kwenye hewa. Ukifungua kifuniko cha mbele cha mashine ya ukutani utakuta filta, wavu mwembamba unaochomoka kwa vidole viwili. Katika mji wenye barabara za vumbi na moshi wa mkaa, wavu huo unaziba ndani ya wiki chache. Uoshwe kwa maji na sabuni kidogo, ukaushwe kivulini, urudishwe. Kila wiki mbili si mara nyingi mno kama unaishi karibu na barabara ya vumbi. Kazi hii ni ya dakika tano na haihitaji fundi, nami nasema kwa yakini kwamba ndiyo tiba ya malalamiko mengi kuliko zote.

Filta ikiachwa, ubaya unaingia ndani zaidi. Vumbi linapita na kushika kwenye vijani vyembamba vya alumini vya koili, vilivyo na majimaji muda wote, likageuka tope. Linashika pia kwenye blowa, lile gurudumu refu lenye mapanga membamba linalopuliza hewa, na kila panga likijaa uchafu gurudumu linazunguka kwa kasi ile ile bila kusukuma kitu. Hapo ndipo unaposikia mtu akisema "inapiga kelele lakini upepo hauna nguvu". Blowa iliyoziba haisafishwi kwa kitambaa; inahitaji kufunguliwa na kuoshwa, na fundi akija kufanya sevisi bila kuigusa amefanya nusu ya kazi.

Kisha barafu. Koili yenye afya hukaa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri. Hewa isipopita vya kutosha, gesi haipati joto la kuchukua, koili inashuka chini ya sifuri, na maji yaliyopaswa kudondoka yanaganda. Barafu inaziba nafasi iliyobaki, hewa inapungua tena, barafu inaongezeka. Mwenye nyumba anaona barafu kwenye mabomba na kufikiri mashine inapoza mno. Dawa ya haraka ni kuzima upoaji, kuacha feni peke yake kwa saa mbili au tatu mpaka barafu iyeyuke, kisha kusafisha. Usiikwangue kwa kisu. Vijani vile ni laini kama karatasi, na chini yake ndipo yalipo mabomba ya gesi.

Barafu inasema mengi kwa anayejua kuisoma. Nenda kwenye mashine ya nje mahali mabomba mawili yanapoingia, moja nene na moja jembamba. Mashine ikiwa nzima, bomba nene ni la baridi na linatoka jasho. Barafu ikiwa imefunika bomba nene hadi karibu na kompresa, shuku hewa kwanza: filta, koili, blowa. Barafu ikiwa kwenye bomba jembamba tu, na nene likawa kavu na vuguvugu, hapo ndipo upungufu wa gesi unapojitokeza. Nilipolielewa hili nilisikitika, kwa sababu kati ya ziara zile tatu nilizolipia, hakuna hata moja ambayo mtu aliyagusa mabomba hayo kabla ya kufungua mtungi.

Huko nje ndiko kuna mambo mazito zaidi kwa watu wa pwani. Koili ya nje lazima iwe na joto kuliko hewa inayoizunguka, la sivyo joto halitoki. Mchana wa nyuzi 33, koili hiyo hufanya kazi ikiwa kwenye nyuzi 45 hadi 50. Sasa tazama tunavyoiweka. Wezi wanaitaka kwa ajili ya shaba yake, kwa hiyo tunaijengea kizimba cha nondo. Hilo halina ubaya. Ubaya unaanza tunapoongeza bati juu, tukaisogeza hadi igusane na ukuta, tukapanga pembeni ndoo, ngazi na magunia ya mkaa. Hewa ya moto inayotoka mbele inagonga kizuizi, inarudi nyuma, inanyonywa tena. Mashine inavuta hewa ya nyuzi 42 siku yenye nyuzi 33. Katikati ya jiji, Kariakoo na Upanga, kuna vishoroba kati ya majengo ambamo mashine 20 zinatazamana na kupulizana, kila moja ikimtupia jirani joto lililotolewa chumbani.

Dalili ya ugonjwa huu ni ya pekee: kiyoyozi kinapoza vizuri alfajiri na usiku wa manane, lakini alasiri kinapoza dakika 20, kinapuliza hewa ya kawaida robo saa, kisha kinaanza tena. Kompresa imezidiwa na joto, kinga yake imeikatia umeme ili isiungue, ikipoa inarudi. Ukiiongezea gesi mashine ya namna hiyo unaizidishia mzigo, maana mgandamizo uliokwisha kupanda unapanda tena. Achia nafasi ya kiganja kimoja na nusu nyuma, mita moja au zaidi wazi mbele, kivuli kisichozuia hewa. Mti wa mwarobaini unafanya kazi hiyo kuliko bati.

Na chumvi. Upepo wa bahari unaibeba hadi mbali kuliko tunavyodhani. Ikikaa kwenye koili, mahali alumini inapogusana na shaba pakiwa na unyevu, alumini inaliwa kwanza. Baada ya miaka michache vijani vinageuka unga mweupe. Ukivigusa vinapukutika kama mkate mkavu. Mabomba yako pale pale, gesi iko kamili, lakini vijani vilivyokuwa vikitawanya joto havipo. Hakuna cha kujaza wala cha kufunga hapo. Koili inabadilishwa au mashine yote. Kinga yake ni maji baridi ya bomba, ya kawaida, mara moja kwa mwezi kwa nyumba za ufukweni, mashine ikiwa imezimwa. Si kwa mashine ya presha ya kuoshea magari: nguvu yake inavilaza vijani vyote upande mmoja, na koili iliyolazwa vijani imezibwa sawasawa na iliyojaa tope. Anayenunua mashine mpya aulize kama koili ya nje imepakwa rangi ya kinga. Nyingi zinazouzwa zina rangi ya bluu au ya dhahabu kwa sababu hiyo.

Kuhusu umeme sitakaa sana, kwa kuwa hapa mwenye nyumba anapaswa kutazama na kusikiliza tu. Sikiliza mashine ya nje. Feni inazunguka lakini mngurumo mzito wa kompresa haupo? Au kompresa inajaribu, inatoa "mmm" kwa sekunde chache, inakatika na "tak"? Katika mashine zisizo za inveta, yaani zenye kompresa ya kasi moja, mhalifu wa kawaida ni kapasita, kikopo kidogo kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza. Joto linaidhoofisha mwaka hadi mwaka, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompresa inayoweza kuungua kwa kosa lake. Usiiguse mwenyewe, inahifadhi umeme hata baada ya kuzima swichi kubwa. Umeme mdogo nao unafanana na ugonjwa. Nyumba ya mwisho kwenye laini, saa mbili usiku watu wote wakiwa wamewasha, volti 230 zinaweza kushuka mpaka kompresa ishindwe kuamka. Kama mashine yako inagoma jioni na kuwa sawa saa nane usiku, fundi umeme apime volti wakati wa kugoma, si asubuhi.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri. Mashine nyingi hujizuia dakika tatu ili mgandamizo wa gesi usawazike pande zote mbili, na kubonyeza rimoti mara kumi hakufupishi dakika hizo. Na mjusi, kiumbe tunayelala naye bila kugombana, huingia kwenye bodi ya mashine ya nje kutafuta ujotoujoto, akagusa nyaya mbili kwa mpigo mmoja akafa na bodi ikafa. Tundu linapopita waya lizibwe.

Ikiwa mashine imepita mitihani yote hiyo na chumba bado ni tanuri, basi tukitazame chumba. Kwa chumba cha mita nne kwa nne, BTU 12,000 zinatosha kwa kawaida hapa pwani. Lakini kawaida hiyo inavunjika kwa urahisi. Dirisha la mita mbili za mraba linalotazama magharibi bila kivuli linaweza kuingiza karibu kilowati nzima ya jua la saa kumi jioni. Kila mtu aliyekaa kwa utulivu anatoa joto la wati 100 hivi; alika wageni kumi siku ya Idi, umeongeza kilowati nyingine. Paa la bati lisilo na dari nzuri linarusha joto chini mpaka baada ya magharibi. Sebule iliyounganishwa na jiko, na ngazi iliyo wazi inayopandisha hewa juu, haina mipaka ya kupimwa. Watu wanapambana na hayo kwa kushusha rimoti hadi 16. Kwenye mashine ya kawaida hilo haliharakishi chochote; 16 ni mahali pa kusimama, si kasi ya kwenda.

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe walijua mambo haya bila kipimajoto. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zilizo juu, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina kikomo cha urefu, vichochoro ambamo jua la saa nane halifiki chini. Sisi tumejenga visanduku vya vioo vinavyotazama magharibi, kisha tukaitwika mashine ya ukutani dhambi ya mchoraji ramani. Pazia zito la nje, kibaraza, au mkwaju mmoja uliopandwa mahali pake vinaondoa joto ambalo vinginevyo ungelilipia umeme wa LUKU kila jioni ya uhai wako.

Sasa, na sasa tu, gesi.

Kipimo kimeonyesha tofauti ndogo, filta na koili ni safi, feni zote mbili zinazunguka, kompresa inanguruma, bomba nene ni vuguvugu na jembamba lina barafu. Gesi imepungua. Fundi mzuri hafungui mtungi hapo, anatafuta tundu. Anaanza kwenye nati za kuunganishia mabomba, maana ndiko kuvuja kwingi huanzia, hasa kama mdomo wa bomba la shaba ulipanuliwa vibaya siku ya kufunga au nati ilikazwa kwa kukisia. Anaangalia pia mafuta: kompresa ina mafuta yanayosafiri na gesi, na penye tundu mara nyingi pana doa la mafuta lililoshika vumbi. Asipoona, mabomba yanajazwa naitrojeni kwa mgandamizo na kuachwa huku geji ikitazamwa. Oksijeni isiruhusiwe kamwe kwa kazi hii, hata kama ndiyo iliyopo kwenye karakana. Oksijeni ya mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Tundu likishazibwa, inafuata hatua ambayo wengi wanairuka: pampu ya kunyonya hewa. Hewa na unyevu vilivyoingia lazima vitolewe, na pampu iachwe ifanye kazi nusu saa au zaidi. Kufungua gesi kidogo ili "isukume hewa nje" hakuondoi unyevu, na unyevu uliobaki huchanganyika na mafuta na kuila kompresa kimya kimya. Kisha gesi inajazwa kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Mashine ya tani moja huchukua kiasi cha kilo moja au chini yake. Kujaza kwa kusikiliza, au kwa geji peke yake, ni kubahatisha, kwa kuwa geji hubadilika kwa joto la siku hiyo na kwa uchafu wa koili.

Na iwe gesi ile ile iliyoandikwa. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, hujazwa mtungi ukiwa umegeuzwa ili kitoke kimiminika. R32 inaweza kushika moto. R22 inafanya kazi kwa mgandamizo wa karibu theluthi mbili ya ule wa hizo mbili. Kuongeza moja juu ya nyingine kunaharibu mashine, na kunaweza kumdhuru anayefanya kazi.

Gesi inayovuja chumbani kwangu haiishii chumbani kwangu. R22 inaharibu tabaka la ozoni, na ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, pamoja na marekebisho yake, inaiondoa hatua kwa hatua. Nchi zinazoendelea zina hadi 2030 kuacha kuitumia, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. R410A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja angani inahifadhi joto sawa na zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa katika miaka 100. R32 ni kama theluthi ya hapo. Makubaliano ya kupunguza gesi hizi yalifikiwa jirani zetu kabisa, Kigali, Oktoba 2016, na yanakadiriwa kuweza kuiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne hii. Nikihesabu mijazo yangu mitatu, gesi iliyopita kwenye tundu la nyumba yangu moja inaniumiza moyo kuliko fedha nilizolipa. Ilikwenda kuongeza joto lile lile lililonifanya niiite.

Fundi wa nne alikuwa kijana. Aliniamkia, akaomba kwanza kuona filta, akashika mabomba yote mawili, akapima hewa kwa kipimajoto chake mwenyewe. Kisha akasema, "Mama, naomba sabuni ya kuoshea vyombo na sponji." Akachanganya povu kwenye bakuli, akalipaka kwenye nati moja baada ya nyingine. Kwenye nati ya bomba nene, nyuma kabisa, karibu na ukuta ambako mkono haufiki kwa urahisi, povu likaanza kuvimba: kiputo kimoja kidogo, kikapasuka, kikaja kingine. Alinyamaza akakitazama, nami nikainama nikakitazama pamoja naye. Akakusanya kwanza gesi iliyobaki kwenye mtungi mtupu, akakata mdomo wa bomba ule uliopasuka ukingoni, akaupanua upya, akakaza, akawasha pampu. Alikaa barazani dakika 40 kuisubiri. Usiku ule hewa iliingia ikiwa na nyuzi 29 ikatoka na 17, na asubuhi ndoo chini ya bomba ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Msimu wa kaskazi umerudi mara mbili tangu siku hiyo, na mtungi haujaingia tena ndani ya geti langu.